Nani alimfanya Babu kuwa Babu? Utoto, karafuu na siasa kali za Zanzibar

Ukiuliza Unguja au Pemba kwa nini fulani alikuwa na siasa kali, tuseme Abdulrahman Mohamed Babu, msoshalisti mashuhuri wa visiwa hivi, jawabu huja kwa njia mbili. Kuna wanaomtafuta mpotoshaji: alikwenda London akatiwa ukomunisti kichwani, alialikwa China akarudi si yule. Na kuna wanaotafuta kidonda: alionewa alipokuwa mdogo, mzee wake alinyang'anywa shamba, basi chuki ikakua naye. Njia zote mbili zina ukweli, na zote zinaishia kabla ya kufika penye jambo lenyewe. Wazanzibari wengi walisoma Uingereza miaka ya 1950 wakarudi kuwa watumishi watulivu wa serikali. Na waliodhulumiwa utotoni ni maelfu kwa maelfu. Wengi wao walimaliza maisha yao wakilima, wakivua na kulea wajukuu, bila ya kuhutubia mkutano hata mmoja.

Ninavyoona mimi, maisha ya mwanzo hayampi mtu itikadi. Yanampa mahali pa kusimama, na kutoka hapo baadhi ya dhulma anaziona wazi kabisa na nyengine hazioni hata akionyeshwa kwa kidole. Itikadi huja baadaye, kutoka kwa watu na vitabu, lakini mtu huipokea kwa kadiri inavyomweleza yale ambayo jicho lake limeshayazoea. Visiwa vyetu vinalionyesha hili kuliko nchi nyingi, kwa sababu ni vidogo, na watu waliokuja kupigana kwa ajili ya siasa mara nyingi walizaliwa karibu karibu, wakasoma chuo kimoja cha Kurani na kuchezea pwani moja.

Mtoto wa mwaka 1924

Babu alizaliwa Unguja mwaka 1924. Sultani Khalifa bin Haroub alikuwa kwenye kiti, Mwingereza ndiye mwenye kauli. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1897, kwa hiyo watu wazima waliomzunguka mtoto yule, wenye miaka 40 au 50, walizaliwa kabla ya hapo. Baadhi yao walizaliwa watumwa. Wengine walizaliwa katika nyumba zilizomiliki watumwa. Sasa wakikutana sokoni na msikitini, wakiamkiana kwa adabu, na kila mmoja akijua mwenziwe katokea wapi. Hakuna skuli iliyofundisha habari hizo, na hakuna mtoto ambaye hakuzijua.

Mji wenyewe ulifundisha. Upande mmoja Mji Mkongwe wa nyumba za mawe, upande wa pili Ng'ambo ya nyumba za udongo na makuti, na baina yao mkono wa bahari uliojaa na kukupwa. Ng'ambo mtu alijenga nyumba yake juu ya ardhi ya mwengine na kulipa kodi ya kiwanja. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo walikataa kuilipa kodi hiyo, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Babu alikuwa na miaka 4. Mtoto wa umri huo haelewi kodi ni nini, lakini alikua katika mji ambao watu wazima walikwishaona kwamba mwenye ardhi naye anaweza kukataliwa.

Kisha yako madaftari. Serikali ya kikoloni ilimtaka kila mtu awe na asili yake kwenye karatasi: Muarabu, Mhindi, Mngazija, Mshirazi, Mswahili, Mwafrika. Asili hiyo iligusa skuli, ajira na uwakilishi, na watu walijua hivyo, ndiyo maana baina ya sensa ya mwaka 1924 na ile ya 1931 waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua sana huku waliojiita Washirazi wakiongezeka. Hawakuzaliwa watu wapya, walibadilisha fungu. Vita Vikuu vya Pili vilipofika, Wajapani wakaiteka Burma ambako mchele wetu mwingi ulikuwa ukitoka, na serikali ikaanza kugawa chakula kwa kadi. Mgao ukafuata asili. Muarabu na Mhindi walihesabiwa kuwa walaji wa mchele. Mwafrika akaelekezwa zaidi kwenye nafaka nyengine, ati ndicho chakula chake. Katika visiwa hivi ambapo ndoa zimechanganya watu kwa karne nyingi, ndugu wangeweza kukaa kwenye sinia moja huku karatasi zinasema mmoja anastahiki wali na mwengine hastahiki.

Wakati wa kadi hizo Babu alikuwa kijana wa miaka kama 19. Kwa kijana wa mjini, mwenye nasaba iliyochanganyika kama zilivyo nasaba nyingi za mjini, funzo lilikuwa moja: asili ni kitu kinachoandikwa na karani kwa amri ya mkubwa. Likishakukaa hilo ukiwa na umri huo, utaona shida kuamini baadaye kwamba ugomvi mkubwa wa nchi ni wa asili na asili. Utamtafuta aliyeshika kalamu.

Yeye mwenyewe akaja kuwa karani, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kwa muda, kwa sababu wanaoandika juu ya Babu hukimbilia London na kuiruka sehemu hii.

Upande wa karani kwenye mzani

Kabla ya kwenda Uingereza mwaka 1951, Babu alifanya kazi katika Chama cha Wakulima wa Karafuu, ambacho watu walikijua kwa herufi za jina lake la Kiingereza, CGA. Ili kuelewa kijana alijifunza nini mle ndani, lazima tuielewe karafuu inavyomfunga mtu.

Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Unaweza kupata msimu wa neema, kisha misimu miwili mitatu ya kubangaiza. Karafuu huchumwa kwa mkono, tawi kwa tawi, kabla ua halijafunguka. Ikifunguka imeshuka thamani. Kwa hiyo mwenye shamba anahitaji watu wengi kwa wakati mmoja, na watu hao wanataka malipo yao kwa pishi walizochuma, taslimu, si mwezi ujao. Yeye taslimu hana mpaka auze, na hawezi kuuza mpaka zimechumwa, zimechambuliwa makonyo, zimeanikwa majamvini na kukauka.

Zama za utumwa pengo hilo lilizibwa kwa jasho lisilolipwa. Utumwa ulipofutwa, kazi ikawa na bei, na fedha za kuilipa zikatafutwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao baadhi yao nao walikopa kwa wakubwa zaidi. Shamba likawa dhamana. Mara nyingi ilifanywa bei khiyari: kwenye karatasi shamba limeuzwa, na muuzaji ana haki ya kulirejesha akilipa ndani ya muda, kwa hakika ni rehani iliyovaa kanzu ya mauzo, kwa kuwa riba ni haramu na pande zote mbili zilijua walichokuwa wakikifanya. Mavuno yakifika, wenye madeni wote wanauza kwa pamoja, bei inaanguka, deni linabaki. Msimu mwengine anakopa tena. Chini ya mwenye shamba yuko mkaazi, anayeishi kwenye shamba la mtu, analima muhogo wake chini ya mikarafuu na kupalilia miti ya mwenyewe kama shukurani, na anaweza kuambiwa ahame siku yoyote. Chini yake yuko mchumaji wa msimu.

Pemba mambo yalikuwa tofauti kidogo, na tofauti hiyo itatufaa mbele. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo karafuu nyingi za nchi zikawa zinatoka Pemba. Kule wenye miti michache walikuwa wengi. Mpemba wa kawaida mwenye mikarafuu 30 au 50 ya urithi hakuwa bwana mkubwa wala mtu wa kufukuzwa kwenye ardhi; alikuwa mwenye shamba na mchumaji katika mwili mmoja, na deni lake lilikuwa lake.

Serikali iliyaona madeni hayo na kuchukua hatua. CGA iliundwa mwaka 1927. Mwaka 1934 ikaja sheria ya kusimamisha ulipaji wa madeni ya mashamba na ya kuzuia ardhi kupita mikononi mwa wasio Waarabu wala Waafrika. Mwaka 1937 CGA ikapewa mamlaka juu ya biashara ya karafuu za kusafirishwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, India yenyewe, ambayo ilikuwa mnunuzi mkubwa, ikasusia karafuu zetu, na mwaka 1938 pakafikiwa suluhu. Maelezo ya serikali yalikuwa mepesi: tunamlinda Muarabu na Mwafrika dhidi ya Mhindi.

Sasa msimamishe kijana kwenye upande wa karani wa mzani huo. Mbele yake anakuja mkulima na gunia. Bei imeshapangwa, hakuna wa kuzungumza naye. Ushuru wa karafuu zinazosafirishwa unaingia katika hazina, na ushuru huo ndio uliokuwa mhimili wa mapato ya serikali. Muarabu mwenye shamba, anayesemwa mtawala wa nchi, ana deni. Mhindi anayesemwa mnyonyaji, mara nyingi naye ana deni. Mwafrika mchumaji ana pishi zake na mikono yake. Na ambaye hadaiwi na mtu hayumo katika foleni, wala hajawahi kupanda mkarafuu.

Sidai kwamba Babu aliwaza hivi kwa maneno haya. Ninachosema ni kwamba kazi ya namna ile humzoesha mtu kufuata fedha inakopita, na mwenye mazoea hayo akikutana na Umarx atauona kama maelezo ya jambo alilolishika kwa mikono yake. London ilimpa msamiati, ikampa na jamaa. Ilikuwa London ya wanafunzi na wafanyakazi kutoka Gold Coast, Kenya, India na Karibi. India imeshajitawala mwaka 1947, hali ya hatari Kenya ikatangazwa mwaka 1952, na mwaka 1954 ikaundwa huko Movement for Colonial Freedom ya kupinga ukoloni, ambamo Babu alishiriki. Kijana aliyesoma vitabu vile vile bila ya kuwahi kukaa CGA angevisoma kwa ajili ya mtihani.

Alirudi mwaka 1957 kuwa Katibu Mkuu wa Zanzibar Nationalist Party, Hizbu. Mpaka leo watu huuliza: msoshalisti vipi aingie katika chama kilichojaa watoto wa wenye mashamba na chenye utiifu kwa Sultani? Wengine husema alikuwa Muarabu tu aliyejificha. Naliona hilo ni jawabu la kivivu. Hizbu ilikuwa na mizizi Kiembe Samaki, kwa wakulima ambao mwaka 1951 walikataa ng'ombe wao kuchanjwa kwa lazima na wakapambana na polisi, watu wakauawa, katika mkasa unaojulikana hadi leo kwa jina la vita vya ng'ombe. Na miongoni mwa vyama vya wakati ule ndicho kilichopiga kelele zaidi kwamba Mwingereza aondoke. Kutoka pale Babu aliposimama, adui alikuwa mmoja na alikuwa juu kabisa; mengine yangesawazishwa baadaye.

Hapo ndipo alipokuwa na kiwi cha macho.

Alichokiona mtu wa mashua

Abeid Amani Karume, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi, alikuwa mkubwa kwa Babu kwa karibu miaka 20. Mwaka wake wa kuzaliwa unaotajwa ni 1905. Skuli hakukaa sana. Alikwenda baharini akiwa kijana, akafanya ubaharia kwa miaka, akaziona bandari za mbali, kisha akarudi Unguja na kuongoza chama cha wenye mashua za kuwateremsha abiria kutoka melini hadi nchi kavu. Baadaye akawa kiongozi katika African Association, iliyoundwa Zanzibar mwaka 1934, na mwaka 1957 akawa mwenyekiti wa Afro-Shirazi Party.

Ukiwa kwenye mashua, dunia inajigawa kwa namna nyengine kabisa. Wako wanaobeba na wako wanaobebwa. Wapagazi wa bandarini, wachukuzi, wasukuma magari ya mizigo, wengi wao walikuwa Waafrika, na wengi waliotoka bara. Ni watu hao waliogoma bandarini mwezi wa Agosti 1948, mgomo ukaenea mji mzima na kuusimamisha hadi Septemba. Kwao asili haikuwa jambo la karatasi. Mzigo ulikaa begani, na aliyeubeba na aliyeagiza ubebwe walitambulikana kwa sura kabla hata hawajafungua mdomo. Ukienda kwa watu hawa ukawaambia kwamba Muarabu mwenye shamba naye ana deni, watakusikiliza kwa heshima, kisha watakumbuka bibi zao walivyosimulia.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957. Ng'ambo Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani, kiongozi mkuu wa Hizbu na msomi wa Makerere, na Hizbu haikupata hata kiti kimoja cha kuchaguliwa. Babu alikipanga upya chama kile, akakijengea matawi, vijana, vyama vya wafanyakazi, na kweli kikapata nguvu. Lakini katika miaka ile ile wenye mashamba walianza kuwafukuza wakaazi waliokipigia kura chama cha Afro-Shirazi, na wafuasi wa Afro-Shirazi wakasusia maduka ya wapinzani wao. Ndugu wakasusiana harusi na maziko. Juni 1961 uchaguzi ukaishia katika fujo zilizoua watu 68, wengi wao Waarabu. Babu alipotoka jela mwaka 1963, alikofungwa mwaka uliotangulia kwa kosa la uchochezi, aliona kwamba chama alichokijenga hakiwezi kuwa cha wanyonge wote. Akajitoa, akaunda Umma Party, chama cha vijana waliokuja kuitwa makomredi. Alichelewa. Julai mwaka huo Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964.

Kwa hiyo utoto wa Karume ulimwonyesha kile ambacho Babu alikichukulia kama moshi wa moto mwengine. Naye pia alikuwa na upande asiouona. Mtu aliyejifunza maisha kwa mikono, akaongozwa na wasomi waliomdharau, anaweza kufika pahala pa kumhesabu kila msomi kuwa adui. Kassim Hanga na Othman Sharif, wenzake wa Afro-Shirazi waliosoma, waliuawa katika utawala wake mwaka 1969. Uchaguzi haukuwepo. Aliyekuwa amewatetea wabebaji hakuona kwamba dola yake yenyewe inaweza kuwa mzigo juu ya mabega yale yale.

Namtaja kwa ufupi tu John Okello, aliyejitangaza redioni kuwa kiongozi wa Mapinduzi, mtu aliyekuja Pemba mwaka 1959 akitokea Uganda kupitia Kenya, kibarua aliyefiwa na wazazi angali mdogo. Kuna wanaoyaeleza Mapinduzi yote kwa uyatima na uchungu wa mtu huyu. Uyatima unaweza kueleza ukali wa sauti yake redioni. Hauelezi kwa nini maelfu ya watu walikuwa tayari kuisikiliza.

Wete na Mtambwe

Mfano unaonishughulisha kuliko yote uko Pemba, kwa watu wawili waliozaliwa pande mbili za ghuba moja.

Ali Sultan Issa alizaliwa Wete mwaka 1932. Hakutoka katika njaa. Alisoma, kisha akaondoka na meli, akawa baharia, akakaa London, akajiunga na Chama cha Kikomunisti cha Uingereza akiwa katika miaka ya ishirini ya umri wake, na baadaye akawa miongoni mwa makomredi wa Babu. Huyu anatuvunjia nadharia ya kidonda. Wako watu wanaoingia siasa kali kwa sababu wamenyimwa, na wako wanaoingia kwa sababu wameona upana wa dunia wakarudi nyumbani wakakuta kila kitu kinakwenda polepole. Ukali wa hawa wa pili ni wa kukosa subira. Baada ya Mapinduzi alipewa dhamana ya utawala Pemba, halafu akawa waziri wa elimu, kisha wa afya. Wapemba wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya utawala mpya kwa viboko vya hadharani. Pemba ilikuwa imewapigia kura wapinzani wa Afro-Shirazi, na yule mwenye mikarafuu 30 niliyemtaja, ambaye katika hesabu yoyote ya haki ni mnyonge, alitazamwa kama adui wa mapinduzi. Vijana waliotaka kuikomboa dunia hawakuwa na mahali pa kumweka mtu yule katika itikadi yao, kwa hiyo wakamnyoosha.

Seif Sharif Hamad alizaliwa mwaka 1943 Mtambwe, ng'ambo ya ghuba ya Wete. Alikuwa mwanafunzi hodari. Mwaka 1963 alimaliza kidato cha sita Unguja, katika skuli ambayo leo inaitwa Lumumba. Njia ya chuo kikuu ilikuwa wazi. Mapinduzi yakaja, Waingereza na watumishi wengi wakaondoka, na serikali mpya ikawataka vijana wa namna yake wabaki kufundisha. Ndiko lilikotoka jina la Maalim. Chuo kikuu hakukiona mpaka mwaka 1972, akiwa karibu na miaka 29.

Miaka ile minane tisa ya kusubiri ndiyo iliyomfanya, kwa maoni yangu, kuliko utoto wake wa Mtambwe. Tukisema maisha ya mwanzo tusihesabu miaka ya tambarani peke yake. Baina ya miaka 18 na 28 mtu bado hajakauka. Na katika miaka hiyo aliyoyaona mwalimu kijana ni haya: watu wakikamatwa bila ya kesi, chakula cha kutoka nje kikizuiwa hadi njaa ikaingia mwanzoni mwa miaka ya 1970, na karafuu, tena karafuu. Kazi ya CGA iliingia mikononi mwa shirika la serikali, ZSTC. Mnunuzi akabaki mmoja, bei ikawa anayoitaka yeye, na mkulima akapata sehemu ndogo tu ya kile kilicholipwa katika soko la dunia. Aliyejaribu kuvusha karafuu zake usiku kwenda Mombasa alihesabiwa mhalifu mkubwa na kuadhibiwa kwa ukali mno. Unguja eka tatu za ardhi zilizogawiwa baada ya Mapinduzi zilikuwa na maana kubwa kwa mkaazi aliyekuwa akifukuzwa. Mpemba mwenye miti yake ya urithi alichokihisi zaidi ni mzani.

Mzani ule ule, basi. Miaka ya 1940 ulimfundisha karani mmoja kwamba tatizo ni ukoloni na mtaji. Miaka ya 1970 uliwafundisha vijana wa Pemba kwamba tatizo ni serikali isiyoulizwa na mtu. Siasa ya Maalim Seif, aliyekuwa waziri wa elimu kuanzia mwaka 1977, Waziri Kiongozi kuanzia 1984, akafukuzwa CCM mwaka 1988 na kuwekwa jela kuanzia 1989 hadi 1991, haikuwa ya kugawana mali. Ilikuwa ya kura kuhesabiwa na mtu kutokamatwa ovyo. Makomredi wa zamani waliiona siasa hiyo nyepesi. Aliyeishi Pemba ya mwaka 1971 hawezi kuiona nyepesi.

Babu na Ali Sultan wenyewe walionja. Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, wote wawili walikamatwa, na walikaa kizuizini hadi mwaka 1978. Babu, akiwa bara, alihukumiwa kifo Zanzibar bila ya kuwepo mahakamani. Alitoka na kuendelea kuandika akitetea usoshalisti, lakini sasa akiilaumu pia dola inayojifanya ndiyo umma. Ali Sultan aliishia katika biashara ya hoteli za watalii. Miaka ile ile ya kizuizini, makomredi wawili, matokeo mawili. Anayetaka kanuni ya kwamba mateso humzidishia mtu msimamo, au humwondolea, hataipata hapa.

Kumbukumbu zinavyojipanga

Kuna hadhari moja lazima niiseme. Mengi tunayoyajua kuhusu utoto wa wanaharakati tumeyapata kwao wenyewe, wakiwa wazee, baada ya jela na uhamisho. Mtu wa miaka 70 akisimulia miaka yake 10 hupanga matukio yaelekee pale alipokwisha kufika. Kofi alilopigwa na mwalimu linakuwa mwanzo wa uasi, ingawa darasa zima lilipigwa siku ile na wengine wakawa maofisa. Hili si la kuwaita waongo. Ni la kutufanya tuangalie kwanza mambo yanayoweza kuthibitishwa: alikaa mtaa gani, alifanya kazi gani ya mwanzo, nani alimlipa, chakula kiligawanywaje mwaka fulani. Kwa Babu, CGA inanieleza zaidi kuliko kisa chochote cha utotoni.

Na kumbukumbu hizo ni za wanaume karibu zote. Wanawake wa Ng'ambo waliosimama mwaka 1928 hawakuacha vitabu. Tunajua walichokifanya, lakini utoto uliowafikisha hapo, katika miaka ya mwisho ya utumwa na ya mwanzo ya uhuru wao, ulipita na wao makaburini, na wajukuu wao wakapanga foleni ya kura mwaka 1957 wakiwa na habari ambazo hakuna mwanachama wa Hizbu wala Umma aliyepata kuziuliza.

Ndiyo maana napata shida ninaposikia vijana wa Pemba wa leo wakielezwa kwa neno moja, kwamba wamejazwa chuki. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi Wete, Micheweni, Chake Chake na Unguja, watu zaidi ya 30 wakafa, na Wapemba kama 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni nchini Kenya, wengine na watoto mgongoni. Aliyekuwa na miaka 7 siku ile alifikia umri wa kupiga kura kabla ya uchaguzi wa mwaka 2015. Alijipanga, akapiga kura yake ya kwanza tarehe 25 Oktoba, na tarehe 28 matokeo ya Zanzibar yakafutwa. Sasa ana zaidi ya miaka 30, ana kazi au hana, anaanika karafuu za babake au anaendesha bodaboda mjini, na siasa yake, iwe ya aina gani, imeshapata mahali pa kusimama.